Mche Huu Mama Yake Nani?

Msikilizaji, tangazo la wiki hii umeshalisikia. Lilisomwa asubuhi, likarudiwa mchana, likarudiwa tena usiku baada ya matangazo ya vifo na kabla ya mpira: miche ya matunda itagawiwa kwa wakulima wa Nyanda za Juu Kusini, parachichi kwa wingi, na mipapai kwa wale wa mabondeni. Idadi imetajwa. Hatutairudia hapa, maana idadi ndiyo kitu pekee ambacho hakikukosekana katika tangazo lile. Kilichokosekana ni jibu la swali moja, na leo redio hii italiuliza mpaka mchoke. Miche hiyo mama yake nani?

Hatuulizi bustani iliyoiotesha. Hatuulizi nani kashinda zabuni, ingawa hilo nalo lina siku yake. Tunauliza mti. Mti uliokatwa kikonyo, yaani kijiti cha kubebeshwa juu ya mche mwingine, uko wapi, unaitwa nani, umezaa misimu mingapi, na nani ameuona ukizaa?

Mfugaji wa Rungwe hanunui mtamba bila kuuliza ni dume gani lililompanda mama yake. Atauliza, ataulizia tena kwa jirani, na asiporidhika atarudi nyumbani na pesa zake mfukoni. Mtu huyo huyo akiletewa mche wa kukaa shambani miaka thelathini anapokea, anashukuru, anapigwa picha.

Chukua parachichi la Hass, zuri, lililoiva likawa jeusi. Kula, kisha panda kokwa. Litaota, tena litaota vizuri. Halitakuwa Hass. Ua lililozaa tunda lile huenda lilipokea chavua kutoka mti wa jirani, na hata kama halikupokea, mparachichi wenyewe umebeba tabia mbilimbili, moja inajionyesha na nyingine imejificha, na kila kokwa linachanganyiwa upya. Panda makokwa mia ya mti mmoja, utapata miti mia isiyofanana. Huu ngozi nyembamba, ule nyama yenye nyuzi, mwingine kokwa kama ngumi na nyama ya kulamba tu. Na hutajua upi ni upi mapema. Mtoto anayeanza darasa la kwanza siku unapofukia kokwa anaweza kumaliza la saba ndipo mti uanze kukuonyesha tabia yake.

Hass yenyewe ilipatikana hivyo hivyo, kwa bahati. Rudolph Hass alikuwa mtu wa posta huko California, Marekani. Katika miaka ya 1920 alipanda kokwa lisilojulikana baba wala mama, akinuia kulifanya shina la kubebeshea aina nyingine. Kubebesha kukashindikana. Akataka kuung'oa mti. Watoto wake wakasema matunda yake matamu, mti ukabaki. Mwaka 1935 akapewa hataza. Mti wenyewe ulikufa mwaka 2002, ukiwa umeshambuliwa na ugonjwa wa kuoza mizizi, lakini kila Hass iliyo hai leo, ya Njombe, ya Mufindi, ya Murang'a kwa majirani zetu, ni kipande cha mti ule mmoja, kikonyo kilichokatwa kwenye kikonyo kilichokatwa kwenye kikonyo. Mama ni mmoja na anajulikana kwa jina. Ndiyo maana mnunuzi wa ng'ambo anaagiza kwa jina bila kuonja.

Sasa mbona sisi tunapewa miche isiyo na jina?

Tazama papai, maana papai halifichi kitu. Mpapai uko wa namna tatu: dume, jike, na wenye jinsia zote mbili kwenye ua moja. Siri yake ilifumbuliwa mwaka 1938 na watu wawili waliofanya kazi kila mmoja kivyake, Storey kule Hawaii na Hofmeyr Afrika Kusini. Mpapai wa jinsia mbili ukijichavusha wenyewe, robo ya mbegu hazifiki popote, zinakufa changa. Katika kila tatu zinazobaki, mbili zitakuwa kama mama na moja jike. Dume hatokei kabisa. Lakini jike akipata chavua ya dume, nusu ya watoto ni madume. Nusu! Ekari nzima umelima, umemwagilia, umepalilia, na nusu yake inachanua maua ya kuning'inia yasiyozaa hata papai moja. Wapo wanaoupigilia mpapai dume msumari ili uzae. Msumari haujui habari za urithi.

Kwa hiyo papai ulilonunua sokoni, ukaona tamu, ukahifadhi mbegu, umehifadhi nusu ya habari. Mama umemla. Baba alisimama wapi? Na kama tunda lilitoka kwenye mbegu chotara ya dukani, wajukuu watatawanyika, huyu mrefu, huyu mfupi, huyu mwekundu ndani, huyu wa njano. Anayejua kazi yake hupanda miche mitatu kwenye shimo moja, anasubiri maua, anaacha ule anaoutaka na kung'oa miwili. Je, miche ya wiki hii itatolewa mitatu kwa shimo? Tangazo limehesabu mche mmoja kwa shimo moja. Limehesabu tu.

Na hapa ndipo redio hii inaporudi kila mwaka, na mtatusamehe, kwa sababu kila mwaka mambo ni yale yale. Miche inahesabiwa. Mgeni rasmi anafika, shimo limeshachimbwa, mche umeshasimamishwa, anaushika kwa vidole viwili, kamera zinamulika, idadi inasomwa, makofi. Idadi ya mwaka jana inaongezwa kwenye ya mwaka huu, jumla inasomwa, makofi tena. Hakuna hata siku moja tuliyosikia pale jukwaani mtu akisoma jina la mti mama.

Shika mche wa parachichi uliobebeshwa. Kama shubiri moja juu ya udongo wa kiriba utaona uvimbe na mkato wa mshazari ulioziba, pengine nailoni bado imekaza. Chini ya kovu gome ni la mti mmoja, juu yake ni la mwingine. Maafisa ugani wamewafundisha wakulima kulitafuta kovu hilo, na wamefundisha vizuri, maana mche usio na kovu umetoka kwenye kokwa moja kwa moja. Lakini kovu linathibitisha kwamba kisu kimepita. Halisemi kikonyo kimetoka wapi. Mtu anaweza kukata kikonyo kwenye mche wa kokwa usiowahi kuzaa, akakibebesha juu ya mche mwingine wa kokwa, na kovu likawa zuri kuliko yote sokoni. Mche wa halali huzaa mwaka wa tatu hivi kwa sababu kikonyo kimetoka kwenye mti mzima uliokwisha kuzaa, na utu uzima huo kinahama nao. Kikonyo cha mti mchanga kinahama na utoto wake. Utasubiri, utatia mbolea, utasubiri.

Na mizizi je? Ugonjwa ule ule uliomuua mama wa Hass kule California hupenda udongo uliotuamisha maji, na kinga dhidi yake haiko kwenye kikonyo, iko kwenye shina la chini. Wenzetu wa Afrika Kusini walitafuta shina linalostahimili, wakalipata, wakaliita Dusa. Sisi shina la chini tunaokota kokwa lolote lililotupwa nyuma ya mgahawa. Kwa hiyo mche una mama wawili, wa juu na wa chini, na tangazo limenyamaza juu ya wote wawili.

Wapo watakaosema redio inadai mambo ya Ulaya. Hapana. Mambo hayo yanafanyika hapa hapa. Kwenye ndizi, watafiti wa IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha tropiki, na wenzao wa NARO, taasisi ya utafiti wa kilimo ya Uganda, wametumia miaka mingi wakipaka kwa mkono chavua ya ndizi pori iitwayo Calcutta 4 kwenye maua ya matoke, ili kurithisha ukinzani wa ugonjwa wa madoa meusi ya majani. Matoke karibu ni tasa. Mkungu mzima ukitoa mbegu chache ni sherehe, na mbegu yenyewe haioti udongoni, kiinitete chake hutolewa kikalelewa maabara. Kutoka huko zikaja ndizi za NARITA, na mwaka 2021 Tanzania ikatoa aina nne kwa jina la TARIBAN. Kila moja mama yake ameandikwa. Baba yake ameandikwa. Imeonjwa na walaji kabla ya kufika kwa mkulima.

Hata parachichi, kule California walipanda makokwa kwa maelfu, wakangoja, wakakata karibu yote, wakabakiza vitukuu vichache vya Hass, kama Lamb Hass na GEM. Hiyo ndiyo kazi ya kubahatisha, na ina wenyewe: wana ardhi, wana mshahara, wana muda. Miparachichi ya kienyeji iliyo nyuma ya nyumba za bibi zetu ni mali kwa kazi hiyo, na atakayekuja kutafuta mti unaovumilia ukame au baridi ya Njombe aikute imesimama. Lakini mkulima wa ekari moja hapaswi kubahatishiwa na mtu mwingine halafu akaambiwa ashukuru.

Mwaka 2022 nchi hii ilitia saini makubaliano ya kuuza parachichi China. Ni soko kubwa, na tulilishangilia hapa hapa studioni. Soko hilo linataka Hass inayofanana na Hass. Sheria ya Mbegu ipo tangu 2003. TOSCI, taasisi ya mbegu, ipo, na kuthibitisha ubora ndiyo kazi iliyoanzishiwa. Chombo kipo, sheria ipo, lebo zipo. Basi lebo ifungwe kwenye mche, jina la mti mama liandikwe, jina la shina la chini liandikwe, na aliyeotesha aweke sahihi yake. Mche usio na lebo urudishwe kwenye gari lililouleta, hata kama mgeni rasmi yuko njiani!

Nanyi wakulima, acheni aibu. Ulizeni. Mche wa bure nao unaulizwa. Ulizeni mbele ya watendaji, ulizeni mbele ya kamera, na mkijibiwa ni Hass ombeni kupelekwa kwenye mti uliokatwa vikonyo, mkauone kwa macho. Wenyeviti wa vijiji, msitie sahihi ya kupokea kabla ya jibu. Vyama vya ushirika, andikeni barua leo, msingoje mkutano mkuu.

Na wewe uliyedanganywa miaka mitano iliyopita, ambaye miti yako imesimama shambani kama minara na haina cha kukupa, usiing'oe. Mizizi hiyo umeilipia. Kata shina usawa wa kiuno kabla ya mvua, paka chokaa lisiungue na jua, acha machipukizi yatoke, chagua matatu yenye nguvu, kisha mwite fundi wa kubebesha aje na vikonyo kutoka mti ambao wewe mwenyewe umeuona unazaa. Mlipe vizuri. Anza na miti mitano, na anza msimu huu.