Ngoma za Bujora Zishikwe kwa Mikono

Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, Kisesa, yanahifadhi ngoma, na ngoma haikuwambwa itazamwe tu. Asiyeona akikatazwa kugusa, kiingilio amelipia nini? Wapo wanaosema jasho la mikono huharibu mbao na ngozi za kale. Ni kweli, na ndiyo maana zitengenezwe nakala za kushikwa na kupigwa. Mafundi tunao humu humu Usukumani. Wengine husema wageni wasioona ni wachache. Lakini ualbino huambatana na uoni hafifu, na wenye ualbino ni watoto wetu: wanahitaji maandishi makubwa na mwanga usiowaumiza macho. Tena kuyafurahia makumbusho ni haki yao: Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ulioridhiwa na Tanzania mwaka 2009, unayataja makumbusho waziwazi katika ibara ya 30.