Daftari kando ya mkeka



Tangu tulipokimbia mapigano ya Mpondwe, Novemba 1996, hadi Kinyamaseke, usingizi wangu ulikuwa wa mang'amung'amu. Nilifundishwa yoga, nikaiacha mara mbili. Haikudumu mpaka nilipoongeza kusoma. Katika mafundisho ya Patanjali wa India jambo hilo huitwa svadhyaya, yaani kusoma maandiko na kujichunguza. Mimi ni Mkristo, basi nilisoma Zaburi moja, nikanyoosha mgongo, nikaandika mistari mitatu. Karatasi zilikuwa haba. Nilijaza hadi pembeni!

Siku moja niliandika habari ya jirani tuliyegombania naye maji. Kalamu ikakwama. Asubuhi nilimsalimu bombani. Hakuitikia. Siku ya tatu akaitikia.