Kwa Nini Panaitwa Kengeleni
(Maneno ya mzee wa kwaya, jioni ya Jubilii)



Nimepewa dakika chache, na mnanijua nikishika kipaza sauti. Kamati iliniomba nieleze mahali hapa palianzaje. Nimekubali kwa sababu ya kijana wetu mmoja wa sauti ya tatu. Alikwenda kutafuta kitambulisho, akaulizwa kabila. Akajibu, "Mimi ni wa Freretown." Karani akacheka, akamwambia hilo ni jina la steji ya matatu. Jioni ile alikuja mazoezini lakini hakuimba.

Tuanze na maji. Mombasa yenyewe ni kisiwa, na sisi tuko bara ya kaskazini, ng'ambo ya mkono wa bahari. Leo tunavuka Daraja la Nyali bila kufikiri. Hili la sasa ni la 1980. Kabla yake palikuwa na lile la kuelea, la 1931, ambalo baadhi ya wazee hapa wanalikumbuka vizuri. Kabla ya hapo ilikuwa ni chombo na makasia.

Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa na kukataza kuwasafirisha baharini. Mwingereza aliyekuwa ametumwa kuzungumza naye ni Sir Bartle Frere. Manowari zikawa zinakamata majahazi. Lakini mtu akishatolewa jahazini, apelekwe wapi? Kuna waliotoka Nyasa, kuna Wayao, kuna Wamakua. Wengi walichukuliwa wakiwa watoto, njia ya kurudi hawaijui. Wamisionari wa CMS wakapata ardhi hapa, na mwaka 1875 kijiji kikaanza, kikaitwa jina la Frere.

Wengi hudhani Wazungu ndio waliofanya kila kitu. Sivyo. Walikuwapo Waafrika waliookolewa utotoni, wakapelekwa India, wakasomeshwa karibu na Nasik, kisha wakarudi pwani hii kama walimu na mafundi. Mmoja ni William Henry Jones. Ndiye aliyesafiri na Askofu Hannington mwaka 1885. Askofu alipouawa Busoga, Jones aliurudisha msafara hadi Rabai, mbele yao bendera iliyoandikwa "Ikabodi". Wasomaji wa Samweli wa Kwanza wanajua maana yake.

Huyo huyo Jones ndiye aliyewahifadhi watumwa waliotoroka wakakimbilia Rabai. Wenyewe walipokuja kuwadai, ugomvi ukawa mkubwa. Mwisho Kampuni ya Kiingereza ikawalipa fidia, na siku ya kwanza ya Januari 1889 watu zaidi ya 1,400 wakapewa hati za uhuru. Mwaka huo huo kanisa la Emmanuel likajengwa hapa Freretown. Kumbukeni kwamba utumwa wenyewe haukufutwa kisheria pwani hii hadi 1907. Kwa hiyo watu wetu waliishi huru miaka zaidi ya thelathini, jirani zao wakiwa na watumwa shambani.

Ndiyo maana ya kengele. Ililia kuita watu ibadani, na wazee walitusimulia kwamba ililia pia usiku, hatari ilipoonekana inakuja. Aliyesikia aliacha sufuria motoni akakimbia. Jina Kengeleni limetoka hapo, si kwenye matatu.

Sasa fikirini ibada ya kwanza. Huyu anasema Kiyao, yule Kimakua, mwalimu anachanganya Kiingereza na Kihindi. Waimbe nini pamoja? Polepole Kiswahili kikawa lugha ya nyumbani, ya ndoa na ya nyimbo. Mimi bibi yangu aliomba kwa Kiswahili tu. Lugha ya mama yake hakuachiwa hata neno moja, na hilo lilimuuma hadi alipokufa.

Mwanangu wa sauti ya tatu, najua umekaa kule nyuma. Karani akikuuliza tena, mwambie kijiji chako kina mwaka wa kuzaliwa, 1875.

Kesho baada ya ibada tutatembea pamoja hadi kwenye kengele. Si mbali, ila jua ni kali. Vijana, washikeni wazee mkono wakati wa kuvuka barabara.