Taa za Nje za Ndege: Lini Zawashwa, na Lini Zatuhusu Sisi



Labda wengine wenu mwajiuliza, watu wa reli wana habari gani na taa za ndege? Ni hivi. Sisi watatu wa tawi la reli tulialikwa na ndugu zetu wapakiaji wa kiwanja cha ndege, tukakaa nao zamu moja ya usiku. Tulikwenda kuzungumza habari za mishahara, lakini tulirudi tukizungumza habari za taa. Maana sisi tumelelewa na taa. Mtu wa signali asipoona taa nyekundu nyuma ya gari moshi linapopita, hajui kama mabehewa yote yamefika au mengine yamekatika njiani. Kwetu taa ni neno lisemwalo, si mapambo.

Tukaona ya kuwa kwa ndege ni vivyo hivyo. Kwenye bawa la kushoto la rubani kuna taa nyekundu, kwenye bawa la kulia taa ya kijani, na nyuma taa nyeupe. Ndugu waliofanya kazi bandarini Kilindini wataijua mara moja, kwa kuwa ni desturi ya meli. Taa hizo zawaka safari nzima ya usiku. Rubani wa ndege nyingine akiona nyeupe peke yake, ajua anaifuata ndege kwa nyuma. Akiona nyekundu na kijani pamoja, ndege yamjia usoni, na heri afanye haraka.

Pili kuna taa kali nyeupe zinazomweka kama umeme wa mvua. Hizi hazisemi ndege yaelekea wapi, zasema tu, "Nipo hapa!" Ndege ikiwa angani zamweka mchana na usiku. Lakini ndani ya mawingu rubani anaruhusiwa kuzizima, kwa sababu mwanga wampiga tena machoni, akaweza kupata kizunguzungu. Dereva aliyewasha taa kubwa katika ukungu wa Limuru hahitaji kuelezwa zaidi.

Tatu ni taa kubwa za kutulia. Jina lake laweza kumdanganya mtu, maana haziwashwi kwa kutua tu. Marubani wengi wa ndege kubwa huziwasha tangu kuruka mpaka wapite futi 10,000, kisha huzizima. Na wakishuka chini ya futi 10,000 huziwasha tena, hata jua likiwa utosini. Huko chini ndiko ziliko ndege ndogo, na ndege wenye manyoya pia, na hakuna njia ya chuma ya kumweka kila mmoja mahali pake. Juu zaidi kumulika hakuna faida kubwa. Iko pia taa ya kumulika bawa, ili rubani atazame kama barafu imeshika, na nyingine ya kumulika alama ya kampuni mkiani. Hiyo ya mwisho tulicheka, lakini nayo yasaidia ndege kuonekana.

Haya, taa zisiposema vizuri huwa nini? Usiku wa tarehe 1 Februari 1991, huko Los Angeles, Marekani, ndege ndogo iliambiwa ingie katika njia ya kurukia na kungoja. Mwongoza ndege, katika msongamano wa kazi, akaisahau, akairuhusu ndege kubwa itue njia ile ile. Ndege ndogo ilikuwa na taa zake za kawaida, lakini zile za kumweka, kwa desturi ya wakati ule, zilingoja ruhusa ya kuruka. Kwa macho ya waliokuwa wakishuka, taa zake zilipotea katikati ya taa za kiwanja. Watu wote 12 wa ndege ndogo walikufa, na wengine zaidi ya 20 wa ndege kubwa. Siku hizi marubani wa Marekani washauriwa kuwasha taa za kumweka mara waingiapo njia ya kurukia, na zile kubwa za kutulia wapatapo ruhusa ya kuruka. Hivyo aliye nyuma aweza kujua: huyu angoja, au huyu aondoka.

Sasa tumefika kwenye taa iliyotufanya tuje hapa leo. Ni ile nyekundu imwekayo juu ya mgongo wa ndege na chini ya tumbo. Angani yafanya kazi ya kuonekana kama zile nyeupe. Lakini chini ni taa ya mfanya kazi. Yawashwa kabla injini haijawashwa, na haizimwi mpaka injini zimezimwa. Ikimweka, usisogee.

Tarehe 31 Desemba 2022, katika mji wa Montgomery, Alabama, ndege ilifika mahali pa kuegesha. Injini moja ilizimwa, ya pili ikaachwa ikizunguka bado. Taa nyekundu ilikuwa ikimweka. Mfanya kazi mwenzetu, mama mmoja wa kazi ya mizigo, akaikaribia, na injini ikamvuta. Alikufa pale pale. Sisi hatumlaumu. Katika makelele yale, na masikio yamezibwa, nani ajuaye kwa kusikia kama injini imenyamaza au ni ile ya jirani? Sikio ladanganywa. Jicho lina taa ile tu.

Na hapa, ndugu, wenyeji wetu walituambia jambo lililotukosesha raha. Kuna msimamizi mmoja, hatumtaji, ambaye ndege ikichelewa huwapungia mkono waende kwenye milango ya mizigo wakati taa ingali yamweka. Asitaye huandikwa jina kuwa mvivu. Usiku ule tulihesabu kwa saa ya mkononi: tangu ndege kusimama mpaka taa kuzimika, dakika mbili hivi. Dakika mbili ndizo msimamizi azitakazo!

Kwa hiyo tawi la reli laleta ombi hili mbele ya mkutano: chama kiwaandikie waajiri, kitake maandishi ya kwamba hakuna mfanya kazi atakayeandikwa, kukatwa mshahara wala kufukuzwa kwa kungoja taa nyekundu izimwe. Ndugu wawili wapakiaji wako hapa nasi, watajibu maswali. Barua imekwisha kuandikwa kwa mkono, iko kwa Katibu, yangoja kura zenu.