Rafu na Orodha: Ulinganishaji wa Makusanyo ya Kiswahili Maktabani

Mkusanyiko wa maktaba, yaani jumla ya vitabu, miswada, magazeti na kanda zilizochaguliwa na kutunzwa pamoja kwa kusudi maalumu, haujulikani kimo chake mpaka usimamishwe ubavuni mwa mwenzake. Mhadhara huu unayaangalia makusanyo ya maandishi ya Kiswahili, ambayo yametawanyika Dar es Salaam, Zanzibar, Lamu, London, Ujerumani na Marekani, na hoja yake ni moja: kinacholinganishwa kwa kawaida si rafu kwa rafu bali orodha kwa orodha, na umaskini unaoonekana katika maktaba nyingi za Afrika Mashariki aghalabu ni umaskini wa orodha.

Njia kongwe ya ulinganishaji ni ya kupiga tiki. Mkutubi huchukua orodha inayoaminika ya vitabu vya fani fulani, akapita nayo kwenye katalogi yake, akatia alama penye kila kitabu alicho nacho, kisha akatoa asilimia. Urahisi wa njia hii ndio hatari yake, kwa kuwa orodha hiyo ilitungwa na mtu, na mtu huyo alichungulia kupitia dirisha lake. Orodha ya fasihi ya Afrika iliyotungwa na asiyesoma Kiswahili itaisifu maktaba iliyojaa riwaya za Kiingereza na kuiangusha ile yenye tenzi na vijitabu vya mashairi vinavyouzwa milangoni mwa misikiti. Njia ya pili, iitwayo Konspekta, ilienezwa na Research Libraries Group, kundi la maktaba za utafiti za Marekani lililoundwa mwaka 1974. Humo kila maktaba hujipa daraja kwa kila fani, kuanzia 0, ambapo fani haikusanywi kabisa, kupitia 3, inayotosha kufundishia, na 4, inayotosha utafiti, hadi 5, daraja la mwenye kukusudia kukusanya kila kitu. Kwa kuwa mwenye kupimwa ndiye mwenye kushika mizani, madaraja hayo husema mengi juu ya nia na machache juu ya rafu.

Katalogi za pamoja, ambazo kubwa kuliko zote, WorldCat, ilianza kazi mwaka 1971 katika jimbo la Ohio, ziliwezesha kuhesabu mambo mawili yenye maana zaidi: sehemu ya pamoja, yaani vitabu ambavyo maktaba mbili zote zinavyo, na upekee, yaani vile ambavyo moja tu inavyo. Hata hivyo, sehemu ya pamoja isichukuliwe moja kwa moja kuwa ushahidi wa ubora. Ofisi ya Nairobi ya Maktaba ya Bunge la Marekani, iliyofunguliwa mwaka 1966, hununua machapisho ya Afrika Mashariki kwa ajili ya Washington na pia kwa ajili ya maktaba nyingine za utafiti zilizojiunga na mpango wake, hivyo makusanyo hayo kufanana ni jambo la kutarajiwa, na maktaba mbili zinazonunuliwa vitabu na mkono mmoja haziwezi kutoleana ushahidi.

Ugumu wenyewe umo katika kujua kwamba vitu viwili ni kimoja. Kusadikika ya Shaaban Robert, katika toleo lake la Nelson la mwaka 1951, haina ISBN, yaani namba ya kutambulisha kitabu, kwa sababu namba hiyo ilikubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa karibu miaka 20 baadaye. Isitoshe, mwandishi wake huweza kuingizwa chini ya herufi S katika katalogi moja na chini ya R katika nyingine, kana kwamba Robert ni jina la ukoo. Utenzi wa Mwengo wa Athumani wa Pate, ambao huwekwa kwenye mwaka 1728, una majina yasiyopungua matatu: Utendi wa Tambuka, Chuo cha Tambuka na Chuo cha Herekali. Kompyuta inayolinganisha herufi kwa herufi itahesabu vitabu vitatu, na maktaba yenye Tambuka itaambiwa kwamba imekosa Herekali, ilhali Herekali ndiye mfalme wa Rumi ambaye Waislamu wanapigana na jeshi lake ndani ya utenzi uleule. Tofauti ya utendi na utenzi peke yake, ambayo ni ya lahaja tu, yatosha kumpoteza mtafutaji.

Miswada, yaani maandishi ya mkono, huzidisha tatizo hilo. Katalogi ya J. W. T. Allen ya miswada na kanda za Kiswahili na Kiarabu zilizomo katika maktaba ya chuo kikuu Dar es Salaam ilichapishwa Leiden mwaka 1970, na ile ya Ernst Dammann, inayohusu miswada ya Kiswahili na ya lugha nyingine za Afrika, ilitoka Stuttgart mwaka 1993. Kabla ya hapo, kwa msomaji aliyekuwa mbali, miswada hiyo ilikuwa kama haipo, ingawa haikuwa imesogea. Hata vipimo vyenyewe havilingani: jalada moja lenye tenzi mbili huhesabiwa kitu kimoja huku na viwili kule, kanda ya sauti haina mwenzake wa kulinganishwa naye miongoni mwa karatasi za W. E. Taylor, mtaalamu wa Kiswahili, zilizoko katika chuo cha SOAS, London, na utenzi wa Kiswahili ulioandikwa kwa hati ya Kiarabu huweza kuangukia fungu la Kiarabu mikononi mwa mkutubi aliyetazama hati asitazame lugha.

Zaidi ya hayo, mswada huweza kuwa na kolofoni, aya ya mwisho ambamo mnakili hutaja jina lake, siku aliyomaliza kazi, na pengine mtu aliyemnakilia. Nakala mbili za utenzi mmoja, moja ikiwa imenakiliwa Lamu na nyingine Mombasa, zikilinganishwa kwa anwani peke yake, ya pili huonekana ziada inayoweza kuondolewa rafuni. Zikilinganishwa kwa kolofoni, hakuna ziada: ni wanakili wawili, katika miji miwili, na kila mmoja aliusikia utenzi huo kwa sikio la lahaja yake na kuacha alama ya usikivu huo katika tahajia yake.