Manjano, Mshubiri na Tumbo Linalohara Damu



Ndugu yangu msomaji, kuna maradhi watu huona haya kuyataja: kuhara damu miezi nenda miezi rudi, tumbo kusokota, mwili kukonda. Sababu yaweza kuwa uvimbe sugu wa matumbo, ambapo kinga ya mwili hushambulia utumbo wenyewe. Aina kubwa ni mbili: kolaitisi ya vidonda, inayoshika utumbo mpana, na ugonjwa wa Crohn, unaoweza kushika popote toka mdomoni mpaka chini.

Je, miti shamba inasaidia? Tusikatae wala tusikubali kwa pupa. Japani, mwaka 2006, wagonjwa wa kolaitisi waliokuwa wametulia walipewa kurkumini, kiini cha manjano, pamoja na dawa zao za kawaida. Kwa miezi 6 ugonjwa uliwarudia 2 kati ya 43. Wenzao waliopewa dawa na kidonge kitupu uliwarudia 8 kati ya 39. London, mwaka 2004, jeli ya mshubiri iliwatuliza wengine kwa wiki 4. Lakini Ujerumani, mwaka 2011, ubani wa Kihindi haukuushinda unga mtupu kwa wagonjwa wa Crohn.

Sasa zingatia. Kurkumini ile ilikuwa gramu 2 kila siku, na manjano ya jikoni ina takriban gramu 3 tu katika gramu 100. Kijiko cha kwenye pilau si dawa. Na mshubiri, ogaka kwa Kijaluo, una utomvu wa manjano chini ya ganda: huo unaharisha! Jeli ya ndani ndiyo iliyojaribiwa.

Kubwa zaidi ni hili. Sisi wa Muhuru, Karungu na Mbita tunaoga na kuvua ziwani. Kichocho cha matumbo kinaharisha damu vilevile, na amiba pia. Kichocho dawa yake ni prazikwanteli, wala si manjano. Basi choo kipimwe kwanza. Ukishaanza dawa za hospitali usiziache kwa ajili ya majani, na umwambie daktari kila unachokunywa.

Na wewe unayehara damu huku umefunga: Suratul Baqara imempa mgonjwa ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyingine. Usione haya. Nenda ukapimwe kesho asubuhi.

Wabillahi tawfiq.