Seli Shina na Tiba ya Damu



Nyumba zisizolijua jina la selimundu, ambayo wengine huiita sikoseli, ni chache katika nchi hizi. Mwaka 1949 mabingwa wawili, Lehmann na Raper, walitoa habari za damu ya makabila ya Uganda. Miongoni mwa Baamba, wakaao chini ya milima ya Ruwenzori, waliona kwamba zaidi ya theluthi moja ya watu walichukua asili ya maradhi hayo ingawa wenyewe hawakuugua. Mtoto akiirithi asili hiyo kwa baba na kwa mama pia, ndipo huugua. Basi elimu ya seli shina, ijapokuwa ilikulia katika miji ya mbali, inawahusu watu wa huku.

Chembe nyekundu ya damu ya mtu mwenye afya huishi siku 120 hivi. Ya mgonjwa wa selimundu hupinda mfano wa mundu, hukwama katika mishipa midogo na kuleta maumivu makali, kisha hufa baada ya siku 10 hadi 20. Lakini chembe hizo hazijizai zenyewe. Zote, nzima na zilizopinda, zina mama mmoja, akaaye ndani ya uboho wa mifupa, na huyo mama ndiye seli shina. Sifa zake ni mbili: hujizidisha pasipo kwisha upesi, na watoto wake hugeuka kuwa seli za kazi mbalimbali, kama shina moja litoavyo matawi, majani na maua. Kwa kazi yake uboho wa mtu mzima hutengeneza chembe nyekundu kiasi cha milioni 2 katika kila sekunde.

Ushahidi wa kuwapo kwake ulipatikana Toronto, nchini Kanada. James Till na Ernest McCulloch walichukua panya ambao uboho wao uliuawa kwa mionzi, wakawatia uboho wa panya wazima. Siku chache baadaye yalionekana mafundo madogo katika bandama za panya wale, na kadiri seli walizotiwa zilivyokuwa nyingi, ndivyo mafundo yalivyozidi. Habari hiyo waliitoa mwaka 1961. Haukupita muda ikathibitika kwamba kila fundo, pamoja na aina za damu zilizokuwamo, lilitokana na seli moja tu. Seli moja isiyoonekana kwa macho huzaa damu ya kila namna!

Ziko seli shina nyingine. Iliyoleta ugomvi ni ile ya mimba changa kabisa, ya siku 5 hivi, ambayo yaweza kugeuka kuwa moyo, ubongo au ini. James Thomson wa Wisconsin, Marekani, aliiotesha nje ya mwili mwaka 1998. Na kuipata kulimaanisha kuiharibu mimba ile. Baraza la Fiqhi la Rabitat al-Alam al-Islami lilikutana Makka mwezi wa Desemba 2003, likalitazama jambo hili. Liliruhusu seli zitolewazo kwa mtu mzima bila ya kumdhuru, kwa mtoto kwa idhini ya walii wake, kwa kondo la nyuma na kitovu, kwa mimba iliyotoka yenyewe, na kwa mayai yaliyorutubishwa hospitalini yakabaki, wenyewe wakiyatoa kwa ridhaa. Likaharimisha mimba kuharibiwa kwa kusudi bila ya sababu ya kitabibu ikubaliwayo na sharia. Mwaka 2006 Shinya Yamanaka wa Kyoto aliirudisha seli ya ngozi ya panya katika hali ya utoto, na mwaka 2007 ya mwanadamu, pasipo kugusa mimba yoyote. Hapo ugomvi ukapungua ukali, ingawa sehemu kubwa ya tiba za namna hizi mbili ingali katika majaribio.

Tiba iliyokwisha kuzoeleka ni ile ya uboho. E. Donnall Thomas wa Marekani aliishughulikia tangu miaka ya 1950, wagonjwa wake wa kwanza wakifa karibu wote, hata akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1990. Mgonjwa hupewa dawa kali ziuondoe uboho wake mbovu. Kisha uboho wa ndugu yake, uliochotwa katika mfupa wa nyonga, huingizwa katika mshipa wake kama damu ya kawaida. Seli shina zenyewe huijua njia ya kwenda mifupani. Ndugu aliyetoa hapungukiwi, kwa kuwa uboho wake hurejea katika majuma machache. Mwaka 1984 zilitolewa habari za mtoto wa Memphis aliyepandikizwa kwa ajili ya saratani ya damu, akaponywa selimundu pia. Na mwaka 1988 mjini Paris, Eliane Gluckman alitumia damu ya kitovu cha mtoto mchanga kumtibu kaka yake.

Hata hivyo, ndugu wa baba na mama mmoja huafikiana kwa nafasi moja katika nne. Mara nyingine seli za mgeni humshambulia mwenyeji wake, na dawa zile kali zaweza kuondoa uzazi. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, iliianza kazi hii kwa watoto wenye selimundu mwaka 2023. Mwaka huo huo Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya kurekebisha seli shina za mgonjwa mwenyewe, ambayo bei yake Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2.

Penye tamaa ya kupona hapakosi mchuuzi. Mijini hupita watu wakiuza unga wa kukoroga majini, wakidai una seli shina za tufaha na zabibu ziponyazo kisukari, presha na selimundu. Seli ya tunda ikimezwa humeng'enywa tumboni kama tunda lenyewe. Haifiki mifupani wala haizai damu ya mtu. Madhara ya wengine huzidi upotevu wa fedha. Mwaka 2015 huko Florida wanawake watatu walidungwa machoni seli zilizotolewa katika mafuta ya miili yao, wakalipa, wakapofuka au kukaribia kupofuka.

Kwa mzazi ambaye mtoto wake hana ndugu anayeafikiana naye, au hana nauli ya kufika hospitali yenye kazi hiyo, iko haidroksiurea, dawa ya kumeza mara moja kwa siku. Ilijaribiwa Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale kwa watoto 606, na matokeo yakatolewa mwaka 2019: maumivu yalipungua, malaria ilipungua, haja ya kuongezewa damu na vifo vilipungua pia. Haibadili seli shina, bali huifanya damu itokayo kwake isipinde upesi. Daktari hupima damu ya mtoto kila baada ya muda, kwa sababu kiasi cha dawa kikizidi, uboho hudhoofika.